Kanga ya Dubu Ipokewe

Shumaisi, Riyadh

Kwako Ami Hilal, baba wa Samia, Ghulail, Jeddah.

Shikamoo ami. Mimi mzima. Riyadh nayo inajengwa tu, fedha za mafuta hazilali, vumbi mpaka kwenye chai. Nakuandikia kwa adabu zote kulalamika: posa yangu imekataliwa kwa sababu ya kanga, na kanga haina kosa.

Kwanza. Doti niliyompelekea Bi Mashavu, mama yake Samia, ameirudisha na dereva wa lori, hata kukatwa haijakatwa. Imeandikwa NENDA KATEMBEZE DUBU WAKO. Nasikia kasema mbele ya mashoga zake, "Dubu nimtembeze mimi? Huyu mkwe au adui?" Ami, huo msemo wa Kiromania! Kanifunza Doru, fundi Mromania tunayefanya naye kazi maghalani Sulay. Kwao zamani watu walipita vijijini na madubu, ngoma zinapigwa, watoto nyuma. Mwenye maradhi ya mgongo analala chini, dubu anamkanyaga, anapona. Bi Mashavu si kila siku mgongo, mgongo? Sasa tusi liko wapi? Kweli, Doru kasema siku hizi huambiwa mtu unayetaka akuondokee. Lakini hayo matumizi tu. Mimi niliandika asili.

Pili. Uliniuliza kwa simu harusi lini, nikajibu "Pasaka ya farasi," ukakata. Kisha ukatuma mtu aje kuchungulia kama bado naswali. Naswali, ami, wallahi! Waromania husema hivyo kwa jambo lisilokuja, sikatai. Ila asili yake, farasi walilaaniwa wasishibe isipokuwa siku moja kwa mwaka. Siku moja! Ina maana siku ipo. Muhsin naye anamtaka Samia, na kila akiulizwa lini anajibu "inshallah" huku anaangalia dari. Mbona yeye hukumkatia?

Tatu, na hili ndilo linaloniuma. Mombasa nilikoagiza kanga hiyo hawachapi doti moja. Mahujaji wameniletea marobota mawili, nayalalia kama godoro. Naomba basi Bi Mashavu aipokee, na siku ya harusi mashangazi wote wa Ghulail waivae sare. Doru atasimama nje ya mlango amweleze asili kila anayeingia. Asiyeelewa, yalla, arudi kwao. Msemo uhukumiwe kwa ulikozaliwa, si kwa unavyosemwa. Halas.

Nisalimie Bi Mashavu akikubali salamu, na majirani wote, na hata huyo uliyemtuma kunichungulia, alikula vizuri.

Mimi mkweo, Mungu akipenda na wewe ukipenda,
Ghalib

Nyongeza: nimefunga bahasha, nimeifungua tena. Dereva kaniletea kanga kutoka kwa Samia. Imeandikwa WA PILI YUKO MLANGONI. Sikuuliza asili yake. Dereva namkabidhi barua, mimi nakimbilia basi la Jeddah nije nimwombe radhi Bi Mashavu. Tafadhali ami, Muhsin asikaribishwe ndani. Na barua hii ikifika baada yangu, usiisome.