Nimekoroma Mbele ya Wagonjwa wa Wasiwasi

Leo nimeadhirika, jamani. Tena mbele ya bosi, siku aliyokuja kuamua kama naongezewa mkataba au nabaki nyumbani Kagarama kuangalia dari.

Mnajua kazi yangu. Tunapima majani ya kienyeji kama kweli yanatuliza watu wenye wasiwasi. Mgonjwa anakunywa, mimi namuuliza anajisikiaje. Vikombe vingine vina dawa, vingine havina kitu, na sisi wagawaji hatuambiwi kipi ni kipi. (Mimi mwenyewe wiki nzima silali kwa kuwaza mkataba, lakini nani ananiuliza?)

Asubuhi akaingia mama mmoja mzee wa Kibagabaga. Nikampa kikombe kwa mikono miwili. Akakitazama tu.

"Onja kwanza, mwana wanjye."

"Mukecuru, bibi yangu, siruhusiwi."

"Basi iko na sumu!"

Nikabanwa. Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza, hata mtoto anajua. Na huyu akiondoka, benchi zima la wagonjwa linaondoka naye, na mkataba wangu nyuma yao. Nikaonja. Chungu! Mama akatabasamu, akanywa. Wa pili naye: "Na yangu?" Wa tatu hivyo hivyo. Nikaonja vyote (haya, nilikunywa).

Ikaanza kunishika. Mabega yakalegea, roho ikatulia kabisa. Nikaegemea ukuta kidogo tu.

Kilichonishtua ni mkoromo. Wangu! Nafumbua macho, Daktari Espérance, bosi wangu, amesimama mbele yangu. Wagonjwa wa wasiwasi wananipepea, wananionea huruma.

Nikaona heri nijitetee kisayansi.

"Daktari, hii dawa ni kiboko! Nimeijaribu mwenyewe. Wasiwasi wote kwisha!"

"Claudine," akasema polepole, "dawa iko bado kwa friji. Leo tumeweka maji tu, na rangi, na kitu ya uchungu. Nilitaka kuona vile munagawa."

Yesu wangu! Nimelala fofofo kwa maji! Yule mama alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka. Mimi nilibaki nimeshika kikombe kitupu.

Mkataba? Ameniambia atanijibu Ijumaa. Wasiwasi wote umerudi, na dawa ya kweli sasa imefungiwa kufuli kwa sababu yangu. Atakayecheka hapa simsalimii tena.