Kiti cha Sita cha Kwenda Msumbiji

Jumatatu, 15 Mei 1995

Daktari Salvatory, mkuu wa chuo chetu cha matabibu, ametoa tangazo leo asubuhi. Mwezi Julai wanachuo sita watavuka Ruvuma kwenda kujitolea kaskazini mwa Msumbiji. Wiki tatu. Kuchanja watoto, kupima uzito, kutibu watu waliorudi makwao baada ya vita. Gari lipo. Chanjo zipo. Chakula hakipo. Viti vitano vimekwenda kwa wenye maksi za juu. Jina langu halikusomwa. Sikushangaa. Mitihani ile hutungwa na watu wasiopenda majibu marefu.

Kiti cha sita atapewa atakayeleta mpunga mwingi zaidi kutoka kwa wananchi wanaomuunga mkono. Si chini ya magunia matatu. Mwisho Jumamosi ya tarehe 27. Utakobolewa, utapanda gari pamoja nasi.

Kiti hicho ni changu. Nina miaka arobaini na minne. Kumi na minane nilikuwa mhudumu wa zahanati kule Sanje, kabla ya kuja huku kukaa dawati moja na watoto wanaoniita Mzee Ponsiano. Miaka yote ile niliipigania Msumbiji kwa kalamu. Barua kumi na moja kwa wahariri wa magazeti. Tatu zilichapishwa, moja bila kukatwa. Lakini sijawahi kukanyaga nchi ya watu, hata kwa kupotea njia. Nisipokwenda sasa, nitakwenda nikiwa nabebwa.

Mshindani ni mmoja tu. Scolastica, binti kutoka Mang'ula, miaka ishirini na miwili, mkimya. Baada ya kipindi alinipa shikamoo, akauliza kama nyumbani kwangu kuna mundu wa kuazima. Nimejibu marahaba. Kuhusu mundu nimesema nitafikiri.

Jumanne, 16 Mei

Mpango umekamilika kabla ya chai. Hafla kubwa Jumamosi, ukumbi wa shule. Hotuba yangu: "Afrika Ijitibu Yenyewe." Nimesoma vya kutosha kuhusu mapinduzi ya dunia. Hakuna hata moja lililoanza bila hotuba.

Nimedurufu kadi za mwaliko mia na ishirini. Mikono yote wino. Mke wangu, Digna, aliniangalia nikipuliza kadi zikauke. Akauliza, Baba Sikitu, hizi kadi unampelekea nani? Nikamjibu, wananchi. Akasema wananchi wamehamia mashambani tangu mwezi uliopita, mpunga umeanza kukomaa, wanaamia ndege wasiule. Kwamba mwezi huu Ifakara hata ukidondoka kisimani hupati wa kukutoa.

Nimemweleza kwa upole kwamba huo ndio mtazamo uliotuchelewesha kupata uhuru. Akachukua ndoo, akaenda kisimani.

Jumamosi, 20 Mei

Hafla imefanyika.

Waliohudhuria: Mwanabaraka, fundi cherehani, ambaye halimi. Wasukuma wawili waliokuwa wanapeleka ng'ombe mnadani wakaona kivuli. Mgeni rasmi, diwani, alituma salamu kutoka shambani kwake. Anaamia ndege.

Nimetoa hotuba yote. Dakika hamsini na tano. Mwanabaraka alikuwa anapiga pindo la sare ya shule muda wote, akasema mwishoni kwamba sauti yangu ni nzuri kwa kushonea. Mmoja wa Wasukuma aliniuliza hao Wamsumbiji wana ng'ombe wangapi. Nilipomwambia vita vilimaliza, akasikitika kweli kweli, akatoa kibuyu cha mtindi. Ndio mchango pekee. Si mpunga. Nimeunywa.

Scolastica hakuonekana. Nasikia yuko bondeni huko Katindiuka tangu Jumanne, kila akitoka darasani. Nimeuliza anafanya nini. Nimeambiwa anaamia ndege.

Jumapili, 21 Mei

Nimekwenda Katindiuka kupeleleza. Nimesimama nyuma ya migomba, nikaona yote.

Mbinu yake ni ya kusikitisha. Amepanda kwenye dungu, kile kibanda cha miti mirefu katikati ya mpunga, katika shamba la bibi kizee mmoja mwenye mguu mbaya. Anapiga kelele kutwa, anarusha udongo kwa kombeo. Shamba moja. Bibi analala. Jioni bibi anawasimulia majirani, majirani wanaahidi madebe. Hakuna nadharia yoyote. Ni kibarua tu. Hivi ndivyo soko huria linavyoharibu vijana: wanadhani kufanya kazi ni sawa na kufikiri.

Mimi nitafanya kwa sayansi. Alhamisi ni sikukuu ya Kupaa Bwana. Wakulima wote Wakatoliki wanataka kwenda misa, lakini nani ataacha mpunga mbele ya ndege hawa, kwelea? Hapo ndipo ninapoingia. Dungu moja, mashamba saba, kamba saba. Kila kamba imefungwa makopo. Mtu mmoja anakaa katikati, anavuta. Madebe matatu kwa kila familia, saba mara tatu, ishirini na moja. Magunia matatu na nusu kwa siku moja, nimeketi.

Jumanne, 23 Mei

Familia saba zimekubali. Wiki hii chuo kimetuachia bila vipindi, tutafute michango, kwa hiyo nimezunguka kutwa.

Mzee Alfonsi, ambaye shamba lake liko katikati, alisitasita. Akauliza kama nimewahi kuamia. Nikamwambia nimesoma kuhusu kwelea kwa undani, mazalia yao, idadi yao, uzito wa kila mmoja. Akasema uzito wao hata yeye anaujua, huwa anaukuta umepungua kwenye gunia. Kisha akakubali, kwa sababu mjukuu wake anapata komunyo ya kwanza siku hiyo hiyo na hataki kuikosa.

Mama Brigita, jirani yake, mjane mwenye watoto watano, aliniambia jambo moja tu. Kwamba nisiache kuitikia. Ndege wakitoka kwa jirani, jirani anapiga ukelele, wewe unaupokea, unaupeleka mbele, hivyo hivyo mpaka wafike mtoni. Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba tabibu mtarajiwa hapigi ukelele. Makopo yatasema kwa niaba yangu.

Mama Brigita alisema pia kwamba mpunga ule ndio ada ya shule ya wanawe wawili. Nikamwambia alale usingizi.

Jumatano, 24 Mei

Nimetandaza kamba. Za katani nimekopa dukani. Zilipopungua nimechukua kamba ya kuanikia nguo. Zilipopungua tena nimechukua ya kisimani. Digna ameuliza maji atayavuta na nini. Nimemwomba avumilie siku moja kwa ajili ya Msumbiji. Ameuliza Msumbiji watamvutia maji lini.

Nimejaribu mtambo. Nikivuta kamba ya kwanza, makopo yanalia shambani kwa Mzee Alfonsi. Nikivuta ya pili, kwa Mama Brigita. Sauti nzuri, kama bendi ya jeshi. Scolastica alipita na kombeo lake begani. Shikamoo. Marahaba. Akatazama kamba moja moja hadi ya mwisho, akauliza, "Baba, sasa ukishawatoa hapa unawapeleka wapi?"

Swali la mtu aliyeshindwa. Nimemwambia atazame kesho.

Alhamisi, 25 Mei, Kupaa Bwana

Nitaandika kwa ufupi. Kiganja kimechubuka.

Saa mbili asubuhi. Familia saba zinapita, nguo nyeupe, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Mjukuu wa Mzee Alfonsi amevikwa shela. Wananipungia mkono. Nimewapungia kama mkuu wa nchi.

Saa tatu kasoro. Wingu linatoka upande wa mlimani. Si wingu. Linatua kwa Mzee Alfonsi. Navuta kamba ya kwanza. Makopo yanalia. Ndege wote wanaruka kwa pamoja. Ushindi. Wanatua kwa Mama Brigita.

Navuta ya pili. Wanaruka. Wanatua shamba la tatu. Navuta ya tatu. Wanarudi kwa Mzee Alfonsi.

Niliendelea hivyo saa moja na nusu. Mashamba yote saba yalipata zamu, hakuna lililoonewa. Naweza kusema ndege wale hawajawahi kula kwa utaratibu kama ule. Kila walipochoka mpunga wa shamba moja nilikuwa nawahamisha mimi mwenyewe.

Upande wa juu walikuwa wanapiga ukelele. Niliusikia. Ulikuwa unafika mpakani kwangu, unakufa hapo. Sikuitikia. Baadaye nilitaka kuitikia lakini kamba ya nne ilikuwa imejifunga kwenye ya sita, na ya kisimani ilikuwa imenizunguka mguu.

Kisha nikamwona Scolastica. Ameacha dungu la bibi, anakimbia kwenye tuta, nyuma yake akina mama wanne wa mashamba ya juu, wale Waislamu ambao hawakuwa na misa. Wanapiga ukelele, wanapokezana, wanarusha udongo. Alipita chini ya dungu langu akanipazia sauti, "Baba, piga kelele! Wapeleke mtoni!" Nikapiga. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya beberu la mbuzi, lakini ilitoka. Kundi likainuka, likavuka mto.

Saa sita kukawa kimya. Nikashuka. Masuke yamesimama wima, mepesi. Mpunga uliojaa huinama.

Ijumaa, 26 Mei

Kikao kwa Mzee Alfonsi. Nilikuwa nimeandaa utetezi wa hoja tisa. Hoja ya kwanza ilikuwa ukoloni.

Hawakunipiga. Ingekuwa afadhali. Mzee Alfonsi alikuwa na suke moja mkononi, analizungusha, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba misa ilikuwa nzuri. Mama Brigita akasema, "Tabibu, umetulishia ndege vizuri, hata hawakuuliza chumvi." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameupima kwa macho ule uliobaki: ada ya mtoto mmoja imebaki, ya mwingine imeruka.

Nilifikia hoja ya pili tu. Nikakunja karatasi.

Hukumu ni ya desturi: mwamiaji aliyelisha ndege haambulii kitu, anakaa kwenye dungu hadi shamba la mwisho livunwe. Nimekubali, kwa sababu mlango ulikuwa nyuma yao.

Jumamosi, 27 Mei

Siku ya mwisho. Mimi nimefika chuoni na kamba.

Scolastica ameleta magunia matano na debe moja. Daktari Salvatory amempa mkono, kiti cha sita ni chake. Palepale akaomba gunia moja lirudi Katindiuka kwa Mama Brigita, yatakayobaki yanatosha safari. Daktari akakubali. Nimesimama nyuma ya ukumbi. Wenzangu wa darasani wakaniambia pole mzee. Pole. Kana kwamba nimefiwa.

Nimemwambia Scolastica kwamba ninaiona mbinu yake. Kurudisha gunia ni siasa, anajitafutia kura. Akasema, "Hapana baba, ni ada ya mtoto." Hawa vijana hawawezi hata kukubali kwamba wana akili.

Nilipita nyuma ya jengo, nikasimama kidogo karibu na gari litakalokwenda. Nimelishika bodi. Lina joto. Basi.

Jumamosi, 3 Juni

Siku ya nane kwenye dungu, chuo kimeniruhusu nimalize adhabu. Ukelele wangu umekomaa. Jirani wa juu anaupeleka, naupokea, Mama Brigita anaupokea. Kazi ya kijinga. Ndege hawatui tena.

Scolastica amekuja kuniaga mapema, eti wiki zijazo watakuwa na semina. Ameniletea kipimajoto, klorokwini ya malaria na kitambaa cha kufungia vidonda. Amesema Daktari Salvatory ameidhinisha, kwa kuwa watu wako wengi huku mashambani na zahanati iko mbali, na mimi nipo tu. Zawadi ya mshindi kwa mshindwa. Nimepokea kwa ubaridi.

Jumapili, 11 Juni

Nimeamka na wazo ambalo litatikisa chuo. Safari ya mwakani. Hakuna mpunga, hakuna ndege, hakuna wakulima. Nitaandika ombi moja zito kwa wafadhili wa Ulaya, kurasa ishirini, kueleza kwa nini mimi, Ponsiano, lazima nipelekwe ng'ambo kuwatumikia watu walio mbali na tabibu. Likifika mezani kwao, watatuma tiketi kabla ya kumaliza kusoma.

Tatizo ni nafasi ya kuandika. Tangu Jumatatu watu hawaniachi. Jana peke yake kumi na wanane. Mtoto wa mwisho wa Mama Brigita alikuwa na homa, nimempa dawa, leo anakimbia kwenye matuta na kunipotezea utulivu. Mzee Alfonsi ana jipu, nimelipasua, sasa anakuja kila asubuhi kulionyesha. Mama mjamzito ametoka mbali, ng'ambo ya mto, kaja kwa mtumbwi, miguu imevimba. Nimemwandikia barua ya hospitali na kumtafutia baiskeli ya kumbeba. Nusu siku imekwenda. Wananiletea ndizi, samaki, mayai. Hawana habari kwamba nimekwama ukurasa wa pili, kwenye sentensi inayoanza na "Wito wangu."

Nimechukua hatua. Nimebandika tangazo chini ya ngazi ya dungu, herufi kubwa: TABIBU ANAANDAA SAFARI YA KUHUDUMIA WAGONJWA. WAGONJWA WANAOMBWA WASIMSUMBUE.