Harusi Iliyokuwa Kwenye Diski C

Jumatano, 4 Juni 2025

Baridi kali Mikinduri. Ukungu umefika mlangoni mwa ofisi ya kanisa. Nilikuwa nimekaa na chai yangu, mimi Njuki, Afisa wa Mitambo wa kanisa zima (cheo nilijipa mwenyewe, lakini hakuna aliyepinga). Pasta Nyamu akaingia akasema ana habari njema. Tumepata karani wa ofisi. Anaanza Jumatatu. Atatumia kompyuta hii hii. Jina lake Makandi.

Chai ilinipalia.

Makandi! Sauti ya kwanza kwenye kwaya. Kwa ajili yake mimi, mtoto wa Runyenjes kule Embu, nimevumilia baridi ya Tigania miaka hii yote. Yeye hajui. Nilikuwa nasubiri wakati ufaao nimwambie.

Lakini kompyuta inajua. Mchana ukikosa kazi, mimi hutengeneza humo programu ya harusi yetu. Imekamilika! Ratiba, rangi (zambarau), nani atasema nini na kwa dakika ngapi. Kurasa zote nimezigeuza kuwa picha ili zichapike vizuri. Bibi harusi nilimkata kutoka picha ya kwaya, na ingawa nilijitahidi sana, bega la Kaberia limebaki pembeni. Kaberia ni fundi wa simu nyuma ya soko la miraa. Anaimba besi na humtazama Makandi zaidi ya anavyomtazama mwalimu wa kwaya.

Ili Pasta asigundue, niliiita "Ripoti ya Paa". Nakala nyingine nikaiita "Paa Mpya". Nyingine "Paa Sahihi". Shida ni kwamba kanisa lina ripoti za paa za kweli, tena nyingi. Leo nimefungua hadi macho yakauma. Paa, paa, mabati, harusi, paa. Na hata nikifuta, kompyuta yenyewe ni mbea. Ukitaka kuandika barua tu, inakuonyesha kwanza kila kitu ulichofungua juzi na jana.

Hakuna cha nusu nusu hapa. Nitafuta diski yote.

Ijumaa, 6 Juni

Nimemwambia Pasta kompyuta ina virusi. Akauliza kama ni hatari. Nikasema vinaweza kuruka hadi kwenye projekta. Akavua koti.

Alishika skrini kwa mikono miwili akaanza kukemea. Nilitaka kumwambia kwamba mambo yote yako kwenye lile sanduku chini ya meza, lakini alikuwa amefika mbali na sikuona adabu kumkatiza. Aliposema amina nikawasha. Ikawaka mara moja! Haijawahi kuwaka hivyo tangu Krismasi. Pasta akasema imepona, Bwana asifiwe. Ikabidi nimweleze kwamba virusi vya siku hizi hujifanya vimetoka. Akavaa koti lake, akanipa ruhusa ya kuisafisha.

Akanikumbusha tu kwamba Jumapili ijayo, tarehe kumi na tano, ni ibada ya shukrani ya Nyanya Cicily, bibi yake Makandi, ambaye ametimiza miaka tisini na ni mmoja wa waliochimba msingi wa kanisa hili. Kutakuwa na picha ukutani. Nisiharibu kitu. Nilicheka. Nikamwambia anaongea na mtaalamu.

Jumamosi, 7 Juni

Siku kuu. Nimenakili folda ya kanisa kwenye flashi. Mahubiri, ratiba za kwaya, paa za kweli. Kwenye uso wa kompyuta kulikuwa na folda moja isiyo na jina. Nani huacha folda bila jina? Mtu mvivu. Nikaipuuza.

Nikachomeka flashi ya Windows. Nikachagua diski C. Ikaniuliza kama najua kwamba vyote vitapotea. Ikaniuliza tena kama nina hakika. Sijawahi kuwa na hakika hivyo maishani! Kulikuwa na njia ndefu na njia ya haraka. Nikachukua ya haraka kwa sababu mawingu yalikuwa yanashuka na nguo zangu ziko nje.

Harusi imefutika. Nilihuzunika kidogo, maana keki nilikuwa nimeipanga vizuri. Lakini siri iko salama na nimeenda nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatatu, 9 Juni

Makandi amekuja na sweta ya kijani. Nimemfungulia kompyuta, safi kabisa, nikasimama nyuma ya kiti nikisubiri sifa.

Akauliza folda yake iko wapi.

Nikauliza folda gani. Akasema ile aliyoweka Ijumaa ya juzi nilipokuwa nimeenda kula, Pasta akamfungulia. Hakujua namna ya kuipa jina. Ndani yake kuna picha za Nyanya Cicily. Zile za karatasi zilinyeshewa mwezi wa nne, zikashikana, na alipomaliza kuziingiza kwenye mashine zilikuwa zimebaki unga.

Mdomo wangu, ambao haujawahi kunisaidia, ukasema picha zinasafishwa. Zinatolewa madoa. Zitakuwa tayari kabla ya Jumapili.

Makandi akanishukuru! Akasema hakujua mimi ni mtu makini hivyo. Miaka yote hii nimengoja neno zuri kutoka kwake, na limekuja leo. Sikula chakula cha mchana.

Jumanne, 10 Juni

Mpango mpya. Picha ya zamani ni nini? Ni picha isiyo na rangi. Simu yangu inaweza kuondoa rangi. Nyanya mwenyewe yupo hai. Basi!

Nikaenda kwake na mkate na sukari. Kimeru changu ni cha sokoni, lakini tulielewana. Nikamwomba ajifunge leso ya zamani asimame kando ya ghala. Nikapiga. Nyuma yake kulikuwa na tangi la plastiki, juu ya paa dishi la televisheni, na katikati ya picha simu yake ikalia akaipokea. Nikamwomba ageuke. Nyuma ya upande huo kulikuwa na pikipiki.

Akauliza hizi ni za nini. Nikasema ni za kumbukumbu. Akacheka, akasema ningoje nione ile aliyo nayo Makandi, ya siku ya harusi yake, yeye na marehemu mzee wake. Mzee amekunja uso kwa sababu ya jua. Aliogopa kamera, hakupigwa nyingine mpaka akafa. Nyanya akasema siku hizi sura yake inamponyoka. Anakumbuka kofia, anakumbuka sauti, macho anayatafuta hayapati. Lakini Jumapili atayaona, tena makubwa, ukutani.

Kisha akanimiminia uji. Niliunywa wote na nikajiona mtu mbaya kabisa.

Jumatano, 11 Juni

Nimeenda kwa Kaberia. Naandika sentensi hii kwa uchungu.

Nimemweleza nusu. Nilisema diski imepata ajali. Akaniuliza kama ajali hiyo ina mikono. Akauliza nilifuta kwa njia ndefu au ya haraka. Nikasema ya haraka. Akauliza kama nimeandika vitu vingi juu yake tangu siku hiyo. Nikasema hapana, Makandi amekuwa akitumia flashi ya kanisa. Akashusha pumzi. Akasema ile ya haraka hung'oa tu namba kwenye milango, watu bado wamo ndani. Akakataza mtu yeyote asiiguse mashine tena.

Nikauliza atataka nini. Akasema nimekuwa nikitangaza kote kwamba yeye ni fundi wa simu tu. Anataka Jumapili, mbele ya kanisa, nimwite Injinia.

Injinia! Mtu anayekaa juu ya kreti ya soda!

Nimekubali. Nilikuwa nawaza macho ya yule mzee.

Ijumaa, 13 Juni

Zimepatikana! Kaberia ameifanyia kazi diski tangu jana na picha zimerudi. Hazina majina, ni namba tu. Ya kumi niliyofungua ilikuwa Nyanya akiwa msichana na gauni jeupe, na kando yake mwanamume aliyekunja uso. Nililia. Kaberia akajifanya anatafuta bisibisi.

Akaniambia niangalie moja moja kabla ya kuonyesha, kwa sababu programu ya kufufua haichagui, huleta kila picha iliyowahi kuwa humo. Nikamwambia ndiyo, ndiyo. Ushauri wa fundi wa simu. Nimeangalia kumi za mwanzo, zote za Nyanya. Nikaziweka zote kwenye onyesho, nikampelekea Makandi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili! Nitafuatilia vipi mambo mengine siku kama hii?

Jumapili, 15 Juni

Nitaandika kwa ufupi.

Kanisa lilijaa hadi nje. Nilisimama nikamshukuru Injinia Kaberia. Aliinuka, akainama upande huu, akainama upande ule. Taa zikazimwa. Makandi akaanza kuonyesha picha.

Ikaja ile ya harusi. Nyanya Cicily aliinuka kwenye kiti chake. Hakushikwa na mtu. Akatembea hadi ukutani, akaweka kiganja kwenye shavu la mzee wake, akasimama hapo. Nilijisikia mwema, kana kwamba ni mimi niliyezipata na si mimi niliyezipoteza.

Makandi akabonyeza tena.

HARUSI TAKATIFU YA NJUKI NA MAKANDI. Kwa zambarau. Uso wangu. Uso wake. Bega la Kaberia.

Nilitaka kuzima projekta nikajikwaa kwenye waya. Makandi, kwa mshtuko, akabonyeza tena badala ya kufunga. Ikaja ratiba nzima. Watu wakaanza kuisoma kwa sauti. Nyanya, akiwa bado amesimama pale ukutani, akageuka, akaangalia juu, mtu akamsomea, na akapiga vigelegele. Wanawake wote wakamfuata!

Hapo akainuka Mjomba Kaimenyi, kaka yake mama yake Makandi. Nikajua nimekwisha. Akasema ana maswali mawili. La kwanza, huyu mtu wa Embu ameleta lini ncoolo, kibunda cha miraa cha kuombea msichana, maana kwake hakijafika. La pili, na sauti yake ikapanda, kwa nini yeye, mjomba mzazi, amewekwa saa saba kamili kuombea chakula, na hakupewa hata dakika moja ya kuhutubia? Wazee wakaguna. Wakaanza kunipangia upya ratiba palepale.

Kaberia alikuwa akikagua bega lake ukutani. Makandi alichomoa waya, akanitazama, akatoka nje. Pasta akatangaza wimbo.

Jumanne, 17 Juni

Makandi ameniita ofisini. Niliingia nikiwa nimeshika kofia.

Nilimwambia yote. Folda, ajali, uji, tangi. Kisha akasema hajakasirishwa na harusi kama alivyokasirishwa na ule uongo wa madoa. Angempoteza babu yake mara ya pili, na mimi nilikuwa nimesimama hapo nikipokea shukrani. Akasema Nyanya sasa analala na ile picha iliyochapishwa kando ya mto, na kwa ajili ya hiyo peke yake amenisamehe.

Kuhusu lile jambo lingine, akasema mtu haoi kwa kompyuta. Kama nina mdomo, niutumie. Kama nina wazee, wako Runyenjes na barabara ipo. Nije na ncoolo kama wanaume wengine, kisha yeye ataona kama anataka. Hakuahidi lolote. Ila nilipofika mlangoni akasema zambarau haipendi.

Haipendi zambarau! Nimeimba njia nzima hadi kwa Kaberia na kurudi.

Masharti ni kwamba niguse projekta tu. Kompyuta ameiwekea nenosiri. Nimekiri makosa, nimebadilika, mimi si yule wa zamani. Sasa hivi ameenda kula. Nilijaribu "Cicily" mara moja tu, ikafunguka.

Si harusi! Harusi nimeacha mikononi mwa wazee. Hii ni programu ya ubatizo wa mtoto wetu wa kwanza, ukurasa mmoja tu, rangi ya kijani kama ile sweta. Inapendeza sana. Mjomba Kaimenyi nimemweka kuombea chakula.

Pasta amechungulia dirishani, anamuulizia Makandi. Anataka akirudi tu wakae wote wawili, wafungue mafaili ya ukarabati wa choo kwa ajili ya kikao cha jioni. Sawa. Nafunga niwaachie nafasi. Safari hii nimekuwa mwangalifu, nimeipa jina ambalo hakuna binadamu atakayetaka kulifungua. "Ripoti ya Choo".