Kongosho la Profesa

Profesa alipochungulia ndani ya duka la ushonaji na kuona mafundi wakimenya machungwa juu ya cherehani, alicheka moyoni. Uprofesa huo alijitunuku mwenyewe, bila kusumbua chuo chochote.

"Shikamoo, mzee. Sukari umepima lini?"

"Marahaba. Mimi mzima kama kigogo!" alijibu mwenye duka, naye akimenya chungwa lake.

"Hata marehemu husema hivyo hivyo."

Akamchoma mzee kidole kilekile kilicholowa maji ya chungwa. Kimashine cha kupimia sukari kikasoma kumi na nane, wakati ya asiye mgonjwa haifiki nane. Mafundi wakaacha kutafuna.

"Tumboni kuna kongosho," Profesa akahubiri. "Ukila, linatoa insulini, inayoifungulia sukari mlango iingie kwenye seli. Ziada ini linaiweka ghalani. Ukishinda njaa, linaitoa. Sasa kongosho lako, mzee wangu, limelala fofofo. Dawa hii italiamsha." Akatoa chupa katika katoni alizokuja nazo.

Yote kweli tupu, isipokuwa huo usingizi wa kongosho na dawa yenyewe: maji ya bomba yaliyotiwa majani ya chai.

"Ila nawa kwanza. Dawa haipendi uchafu."

Mzee akanawa kwa sabuni, akanywa, akachomwa tena. Tano! Sabuni imeondoa sukari ya chungwa kidoleni, sifa kachukua chupa.

Macho ya mzee yakang'aa, wala si kwa shukrani. "Nachukua katoni zote. Kila mteja nitampima kiuno na sukari! Lakini mimi sikati kitambaa kwa kipimo kimoja. Lete na wewe kidole."

Kukataa ni kuua biashara. Profesa akanawa hadi viwiko, maana siri ya chungwa anaijua. Kimashine: ishirini na moja.

Akanawa tena. Ishirini na mbili.

"Ndiyo maana!" mke wa mzee akadakia kutoka nyuma ya kaunta. "Tangu aingie kamaliza jagi zima la maji, na chooni keshakwenda mara mbili!"

"Pole, mwanangu. Kunywa dawa yako," mzee akamfungulia chupa kwa huruma ya kweli.

Akanywa. Ishirini na mbili, haikusogea hata uzi.

"Mwongeze!" mafundi wakapiga kelele.

Chupa ya tatu ilipomfika mdomoni, Profesa alilia. "Jamani, ni maji ya bomba! Chungwa ndilo lililokudanganya, mzee! Nipelekeni hospitali, nakufa!"

Mzee akakichukua kimashine, akakifuta taratibu, akakitia mfukoni mwake.

"Twende, mwanangu, hospitali si mbali," alisema akimshika mkono. "Njiani utanieleza vizuri: hilo chungwa, mteja analishika muda gani?"