Mugumo wa Bakulini Uliopukutika Gachoka

Mheshimiwa mwakilishi wa yule aliyetarajiwa kumwakilisha Mgeni Rasmi. Mchungaji uliyetuombea, ambaye ombi lako, kwa heshima zote, lilikuwa refu kuliko muda uliotengwa. Waheshimiwa machifu, manaibu wa machifu, na wale ambao wangekuwa machifu kama haki ingetendeka. Wakulima wa muguka, wafugaji, akina mama wa vyama, na waendesha bodaboda mlio chini ya hema kwa sababu ya jua na si kwa sababu yangu. Mke wangu Cicily. Na mwalimu wangu Bi Marcella Mukiri, aliyeletwa kutoka Kaaga kwa gari la ofisi. Mabibi na mabwana, itifaki yote ikizingatiwa, hamjambo? (Umati: Hatujambo!) Hamjambo tena? (Umati, kwa uchovu: Hatujambo.)

Mimi, Ireri Mbaka, Naibu Mkurugenzi Msaidizi wa Idara Ndogo ya Urembo wa Mazingira, nimesimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa ambao wengi wameusifu, ili kuzindua awamu ya pili ya Kituo cha Ufufuaji wa Miti Midogo hapa Gachoka, mradi ambao, kwa mujibu wa baseline survey tuliyoifanya wenyewe, umeinua kiwango cha majani kwa asilimia mia moja kutoka sifuri. (Makofi. Mzee mmoja nyuma: Asilimia mia ya sifuri si sifuri?) Swali la mzee litajibiwa kwa maandishi.

Ndugu wananchi, ili muelewe framework nzima, lazima nianze na mti wenyewe. Mwaka jana nilipopandishwa cheo, Bi Marcella alinikabidhi mugumo, ule mti mtakatifu wa wazee wetu. Najua mnashangaa, kwa sababu mugumo mnaoujua ninyi unafunika boma na kuvunja ukuta wa jirani, lakini huu ukiwekwa mezani hauzidi kiwiko changu, na wataalamu, ambao mimi ni mmoja wao, huuita bonsai. Marehemu mume wake, Mwalimu Kithinji, aliukuta umechipuka katika ufa wa tangi la maji, akauhamishia kwenye bakuli la udongo, akawa anaupunguza mizizi na matawi mwaka baada ya mwaka kwa subira ambayo sisi wengine hatukujaliwa. Alipofariki, Bi Marcella aliendelea kuutunza. Lakini miguu imechoka, ngazi za nyumba yake hazipandiki tena na bakuli mkononi, kwa hiyo akaniambia, "Ireri, sina mwingine wa kumwachia. Usiufanyie mambo mengi." Agizo hilo nililipokea kwa mikono miwili nikalitafsiri kuwa sera.

Mti ukaondoka kwenye baridi ya Kaaga ukaletwa kwenye joto la hapa, na kabla wiki haijaisha jani la kwanza likageuka njano likadondoka juu ya barua niliyokuwa nikiisaini. Likafuata la pili. Yakafuata mengine. Katibu wangu Wawira akasimama mlangoni akasema, "Bosi, mti wako unavuliwa nguo." Ninyi mnaoishi kwa majani ya kutafuna, ninyi wakulima wa muguka, mnajua hofu hiyo. (Umati: Tunaijua!) Na kwa kuwa wazee wetu walisema mugumo ukianguka utawala hubadilika, pale sokoni watu walianza kuniamkia kwa huruma, na msaidizi wangu Bwana Mwaniki alikutwa ameketi kwenye kiti changu kwa madhumuni ya kukikagua. (Kicheko. Mwaniki anainamisha kichwa.)

Uongozi ni vitendo. Niliunda kamati mara moja. Kamati ndogo ya maji iliumwagilia mti asubuhi, mchana na jioni, na kila ofisa aliyepita na glasi aliongeza, mpaka bakuli likawa kama mashamba ya mpunga kule Mwea. Kamati ndogo ya lishe ilileta mbolea. Kamati ndogo ya mwanga, niliyoiongoza mimi binafsi, iliutoa mti dirishani ukapelekwa verandani, ukatolewa verandani ukapandishwa juu ya kabati, ukashushwa ukarudishwa dirishani, ili upate uzoefu mpana. Baada ya hatua hizo madhubuti, majani yaliyobaki yalijiuzulu kwa pamoja. (Kicheko kirefu.) Bwana Mwaniki alipendekeza tubandike majani ya mugumo mwingine kwa gundi, na pendekezo hilo lilifika hatua ya majaribio kabla Wawira hajaificha gundi.

Hapo ndipo simu ilipolia. "Mugumo wa Kithinji uko aje?" akauliza Mwalimu Marcella. Nikamjibu kwamba uko katika kipindi cha mpito. Akasema, "Nakuja kesho."

Jioni hiyo Cicily alinikuta nimeketi mbele ya bakuli, chai imepoa. "Baba Wanjira," akaniambia, "huo ni mti tu." Nikamwambia si mti tu. Mzee aliyeupanda ndiye aliyenishika mkono nikaandika jina langu mara ya kwanza bila kukosea, na sasa kitu alichomwachia mkewe nimekiua kwa kamati. Cicily alivuta kiti akaketi nami.

Samahani, karatasi zimechanganyika.

Kesho yake, kupitia mchakato wa ushirikishwaji wa wadau, Mwalimu aliwasili. Aliinua bakuli, maji yakamwagika kwenye zulia la serikali. Akakwaruza kijitawi kwa ukucha, akaliinamia lile kovu, akaniita nitazame. Chini ya ganda palikuwa na kijani. "Uko hai," akasema. Kisha akageuka akauliza ofisi nzima, "Nani anaumwagilia?" Mikono yote ikainuka. "Nani anaulisha mbolea?" Ikainuka tena. "Na nani anauhamisha-hamisha?" Mkono ulioinuka ulikuwa mmoja, na ulikuwa na saa ya dhahabu. (Kicheko.)

Nilitegemea anigombeze. Badala yake alinishika bega, mbele ya wafanyakazi wangu, akasema, "Ireri, ulipoletwa shuleni kwetu ukitoka huku kwenye joto, ulikuwa umevaa sweta mbili na hukusema neno karibu muhula mzima. Walimu wenzetu walitaka urudishwe kwa mama yako. Kithinji akasema, mwekeni karibu na dirisha mumwache. Sasa niambie, kuna aliyekuundia kamati?"

Nikajibu, "Hapana, Mwalimu."

Nitakunywa maji kidogo. (Anakunywa. Umati unangoja.)

Kwa hiyo, mabibi na mabwana, tulipitisha roadmap mpya: mti ukae dirisha moja, la mashariki, usihamishwe, upewe maji tu pale kidole kinapozama kwenye udongo na kutoka kikavu, na mbolea isikaribie mpaka mti wenyewe uonyeshe kwamba una njaa. Nataka niwaambie ukweli, kukaa bila kufanya chochote ni kazi ngumu sana kwa mtumishi wa umma. (Sauti: Lakini unaiweza, mheshimiwa!) Nashukuru kwa pongezi hizo. Kila nilipopita pale mkono ulikuwa unawasha. Wawira alihamisha meza yake akaiweka kati yangu na dirisha, na mara moja, nasema mara moja tu, alinipiga vidole kwa rula. (Makofi kwa Wawira.)

Siku zikapita, mti ukabaki mifupa. Nilikwisha kuanza kutafuta maneno ya kumwambia Mwalimu. Halafu asubuhi moja nikiwa katikati ya mkutano, Wawira alichungulia akasema kwa sauti ya chini, "Bosi, njoo. Usikimbie." Kwenye ncha ya tawi la chini palikuwa na chipukizi jembamba kama ncha ya kalamu, na pembeni yake jani moja linafunguka, bado limekunjamana. Nilimpigia Mwalimu simu. Nikamwambia kuna jani. Akaniuliza, "Lina rangi gani?" Nikasema, "Kama shaba, Mwalimu." Akasema, "Basi usiliguse," na sikujua kama alikuwa analia au anacheka, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nafanya yote mawili. (Makofi. Bi Marcella anafuta miwani.)

Mafanikio hayo ya kihistoria ndiyo msingi wa Kituo chetu, chenye maabara, chenye vitalu vya kisasa, chenye ukumbi wa capacity building, na ambacho wageni kutoka nchi za mbali wataomba kuja kujifunza. Nikisema "mti," ninyi semeni "uacheni!" Mti! (Umati: Uacheni!) Nikisema "kamati," semeni "ivunjwe!" Kamati! (Umati, kwa nguvu isiyotarajiwa: Ivunjwe! Ivunjwe! Ivunjwe!) Imetosha. Imetosha, nasema.

Kwa kumalizia, namshukuru mwandishi wa taarifa yetu ya mwaka, aliyekieleza Kituo hiki kwa ufasaha mpaka mimi mwenyewe nikatamani kukiona. Namshukuru mkandarasi popote alipo na vyovyote anavyoitwa. Na zaidi ya wote nawashukuru wafugaji wa Gachoka, kwa kuturuhusu kusimama hapa katika malisho ya mbuzi wenu, mahali ambapo Kituo kimekuwa kikifanya kazi kwa ufanisi tangu mwaka jana. Asanteni sana, Mungu awabariki, na mnapotoka mwangalie mnapokanyaga.