Masanduku ya Maoni ya Kata ya Kwemtindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametoa udhuru na kwa hiyo nafasi yake naikaimu mimi mwenyewe, waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Uratibu wa Usikivu wa Viongozi, ambayo mwenyekiti wake ni mimi pia, baba Mchungaji, Shehe wetu, walimu wakuu na walimu wasio wakuu, mabalozi wa nyumba kumi, wakwe zangu mliofika kutoka Mlalo, ndugu wadau, yaani wale ambao zamani tuliwaita wananchi, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naomba isomeke kwamba imezingatiwa. (Makofi kutoka meza kuu.)

Mimi, Zabron Shekiondo, kiongozi wenu wa wilaya, nimesimama mbele yenu katika baridi hii ya Usambara kuzindua Mfumo Shirikishi wa Mrejesho kutoka kwa Wadau, ambao kwa lugha nyepesi ni masanduku kumi na moja ya maoni, moja kwa kila kijiji. Swali la kama kiongozi bora anapaswa kuwauliza anaowaongoza jinsi anavyowaongoza nimelifanyia utafiti wa kina katika semina elekezi ya siku tatu, nikatunukiwa cheti cha ushiriki, na jibu ni ndiyo, anapaswa kuuliza, mradi yeye awe ameandaliwa kisaikolojia na wanaoulizwa wawe wameandaliwa kimajibu. (Meza kuu wanaitikia kwa vichwa.)

Kwa faida ya wageni wasiojua chimbuko la projekti hii, niruhusuni nieleze. Masika yaliyopita nilikuja hapa Kwemtindi kwa ziara ya usikivu, na gari langu likazama mtoni, pale ambapo mwaka juzi nilizindua daraja. Wananchi wakashuka kutoka mashambani kulisukuma. Miongoni mwao alikuwemo Bi Klara Shemdoe, yule pale mwenye kitenge cha kijani, mkulima wa kabichi na kiongozi wa kwaya, ambaye kiumri ni sawa na mama yangu. Nilihisi anangoja nimpe shikamoo, lakini nilikuwa ndani ya gari la kazi na kioo kilikuwa kimepandishwa, hivyo mazingira hayakuruhusu. (Minong'ono.)

Bi Klara akagonga kioo, nami, kwa unyenyekevu wangu, nikakishusha kwa upana wa vidole viwili.

"Mheshimiwa," akaniambia, "daraja ulilolizindua liko wapi?"

Nikamfafanulia kwamba lile nililizindua kimchakato, si kimbao. Maji yakiwa yamemfika magotini, akasema, "Watu wa ng'ambo wanapita humu kwenda zahanati. Mkwe wangu Zuhura ana mimba ya miezi saba. Nakuomba ulikumbuke hilo."

Ndugu wadau, kiongozi mwingine angekasirika. Mimi nilimshukuru, nikamwelekeza alete maoni yake kwa maandishi ofisini kwangu Lushoto, nikapandisha kioo, wakaendelea kusukuma. (Makofi ya mtu mmoja.)

Na Bi Klara alikuja, alikuja kwa miguu, kwa sababu siku hiyo barabara ilikuwa imekatika, na akaniletea barua iliyoandikwa kwa mkono, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyefundishwa na wamisheni, nami nikaisoma sentensi ya kwanza yote. Nikamweleza kwamba maoni halali huwa yamechapwa. Juma lililofuata akaleta yaliyochapwa. Nikamweleza kwamba yaliyochapwa huwa na muhuri wa kijiji. Juma la tatu akaleta yenye muhuri, uliogongwa na mtendaji wenu wa wakati huo, Bwana Hassani, kijana mchapakazi ambaye aliongeza kwa kalamu yake mwenyewe maneno "naunga mkono, ni kweli tupu". Kwa kutambua mchango huo tulimpangia Bwana Hassani majukumu mengine katika kituo cha mbali, huko chini penye joto, ambako hakuna mto, na kwa hiyo hatasumbuliwa tena na suala hili. (Kelele za chini. Mtu anasema jina la Hassani. Watu wa mstari wa nyuma wanainuka.)

Kaeni, tafadhali. Haujafika wakati wa kusimama kunipongeza.

Sasa naingia kwenye mafanikio. Mwezi wa tano, mto ukiwa umejaa, Bi Zuhura alishikwa na uchungu saa nne asubuhi. Wanaume wanne walimweka kwenye machela wakaja naye hadi ukingoni. Mumewe, Bwana Abrahamu, aliingia majini kupima kina, yakamfika kifuani, akarudi. Nimeambiwa alikaa chini kwenye majani akajishika kichwa. Bi Klara akawaamuru wanaume wageuze migongo, akatandika kitenge chake juu ya nyasi, na palepale ukingoni akampokea mjukuu wake kwa mikono yake. Bi Zuhura alitokwa na damu nyingi mno, na walikaa naye pale hadi alasiri maji yalipopungua, Bi Klara akimwimbia ili asilale. Alivushwa akiwa hajitambui. Mganga wa zahanati aliniandikia kwamba wangechelewa kidogo tu tungekuwa tunazungumza mengine, nami nikamjibu kwamba lugha ya barua yake haikuwa ya kitaalamu.

Lakini mama alipona, mtoto ni mzima, na amepewa jina Ng'ambo. Ndugu wadau, mtoto akizaliwa akapewa jina la mradi wa maendeleo, yaani daraja la kwenda ng'ambo, hiyo ni shukrani ambayo haihitaji kuandikwa. (Hakuna makofi. Bi Klara anasimama.)

Naona Bi Klara amesimama. Nampa nafasi, kwa kuwa leo ni siku ya kusikiliza, ila azungumze kwa muhtasari.

(Bi Klara: "Mheshimiwa, lile si jina la mradi. Tulimwita hivyo kwa sababu zahanati ilikuwa ng'ambo na sisi tulikuwa huku.")

Nashukuru kwa ufafanuzi. Hayo ni maoni, na maoni yana mahali pake, yaani kwenye sanduku, baada ya hotuba.

(Bi Klara: "Sanduku liko wapi, baba?")

Amesema baba. Mmesikia heshima hiyo. Nitalifikia suala la sanduku katika sehemu ya saba ya hotuba, na sasa niko katika ya tatu.

(Bi Klara: "Basi utatuwia radhi. Leo ni siku ya msaragambo, ya kazi ya pamoja. Magogo yameshafika mtoni tangu jana, na fundi Shabani anatungoja. Tunakwenda kujenga kivuko chetu. Asante kwa kutukusanya, maana kuwapitia watu nyumba kwa nyumba ingetuchukua siku mbili." Anazungumza kwa Kishambaa na waliokaa karibu naye. Wanainuka.)

Maneno hayo ya Kishambaa sikuyapata vizuri, maana nimekaa sana maofisini, lakini toni yake ilikuwa ya kuunga mkono. (Akina mama wanaondoka, wakifuatwa na wanaume wenye shoka na kamba. Mchungaji anamnong'oneza Shehe. Wote wawili wanavua makoti na kuondoka.)

Tuendelee. Takwimu haziondoki uwanjani. Katika robo ya mwaka iliyopita, Mfumo Shirikishi umepokea maoni elfu moja mia nne na sita kutoka vijiji vyote kumi na kimoja, na asilimia tisini na nane nukta saba ya wadau wameeleza kuridhishwa au kuridhishwa sana na uongozi wangu. Asilimia moja nukta tatu iliyobaki ni Bi Klara, ambaye alihesabiwa mara kadhaa kwa sababu alikuja mara kadhaa. (Dereva anapiga makofi, anaangalia kushoto na kulia, anaacha.)

Tena nataka niwe muwazi, kwa sababu uwazi ni nguzo ya pili ya utawala bora na ya kwanza nimeisahau. Wapo wanaosema kiongozi akiuliza sana ataonekana hajui. Mimi nasema kiongozi aulize, kisha ajijibu, kwa maana yeye ndiye mwenye picha pana. Mtu aliye majini anaona maji tu. (Milio ya shoka kutoka bondeni. Walimu wasio wakuu wanaondoka. Baadaye kidogo, walimu wakuu.)

Naombeni wale wa bondeni waambiwe wasitishe ujenzi hadi nimalize, kwa sababu shughuli hiyo haimo katika mpango kazi wa mwaka huu, na kwa sababu hawanisikii. (Wanabaki dereva, katibu na wakwe kutoka Mlalo. Katibu anatumwa bondeni kupeleka ujumbe. Anaonekana kwa mbali akipokea ncha ya gogo. Harudi.)

Basi nihitimishe kwa kaulimbiu yetu. Nikisema "Kiongozi sikivu", mseme "Wadau tulivu". Kiongozi sikivu. (Kimya.) Kiongozi sikivu. (Mkwe mmoja anakohoa.) Ahsanteni.

Na sasa shukrani. Nawashukuru mafundi wa masanduku, ambao hadi leo hawajapewa kazi hiyo, kwa kutolalamika. Nawashukuru wenyeviti wa vijiji kumi na kimoja kwa kutia saini hati za kupokea masanduku bila kuuliza yako wapi, na kwa kuwa taarifa ya kukamilika kwa projekti kwa asilimia mia moja imeshakwenda ngazi za juu, kuanzia sasa atakayesema hajaliona sanduku atakuwa anapingana na taarifa. Zaidi ya yote nawashukuru ninyi, ndugu wadau, popote mlipo, kwa yale maoni elfu moja mia nne na sita. Niliyaandika mwenyewe, kwa niaba yenu, jioni nyingi baada ya kazi, na kuna mahali nilipoyasoma nikatokwa na machozi.