Chungu Kwenye Kiti Changu

Jumatatu, 15 Septemba 2025. Ogembo.

Mwezi wa sita sasa tangu niondoke Garba Tulla. Niliondoka baada ya Idi, nikamwambia mke wangu Laila nitarudi kabla hajajifungua. Amejifungua mwezi uliopita. Msichana. Roda. Nimemwona kwenye simu, kipande tu: sikio na nusu ya uso.

Leo nimebeba sukari, unga, mchele, sukari tena. Mgongo sina. Duka la jumla la mjomba Abdimajid halina mwisho. Kwa kweli si mjomba, ni binamu wa mama, lakini mtu akikupa kazi ukiwa mbali na kwenu anakuwa mjomba.

Laila alipiga saa ya chakula. Tumbo limefunga, choo hakitoki, akiona chakula anasikia kutapika. Kisha akalia. Nikauliza analia nini. Akasema hajui. Anasema mtoto akilala yeye halali, anakaa anaangalia ukuta. Mama yangu yuko mbali malishoni pamoja na ngamia, hatarudi mpaka mvua inyeshe. Kwa hiyo nyumbani ni Laila, Roda na ukuta.

Gunia najua pa kulishika. Kilio sijui.

Nikamwambia nitatafuta dawa.

Jumatano, 17 Septemba

Nimepata!

Onyiego, mwenzangu wa kubeba magunia, ni mtu wa Manga, kule juu Nyamira. Jina langu ni Salat, yeye ananiita warya, kama watu wanavyowaita Wasomali. Nimemwambia mimi si Msomali, ni Mborana. Anasema sawa, warya. Mkewe Joyline alijifungua karibu wakati mmoja na Laila. Leo alinionyesha picha. Joyline amejaa mashavu, anacheka, meno yote nje. Nikamwuliza anakula nini huyu.

Onyiego akajipiga kifua. Chinsaga! Ile mboga chungu ya kwao. Inachemshwa, inawekwa kwenye chungu na maziwa mpaka inachacha, mzazi anapewa pamoja na uji wa wimbi. Alisema kwao ukimnyima mzazi chinsaga watu watakusema mpaka kanisani.

Basi siri ni hiyo. Wenzetu wana mboga, sisi hatuna.

Lakini kuna jambo jingine na Onyiego. Mjomba amejenga stoo ya pili na atachagua mtu wa kushika ufunguo. Mwenye ufunguo habebi. Anafungua, anasimama, anakohoa. Ni mimi au Onyiego. Onyiego kila Jumamosi jioni anakimbilia kwao, Jumatatu ndiyo anarudi. Mimi sijatoka Ogembo hata siku moja. Mjomba ana macho.

Alhamisi, 18 Septemba

Kliniki nyuma ya soko. Mpango ulikuwa mzuri: nijifanye mgonjwa ni mimi, nipewe dawa, niitume nyumbani.

Nesi anaitwa Maureen. Nikamwambia tumbo limefunga, usingizi hauji, nalia bila sababu. Akaandika. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu nijifungue.

Kalamu ikasimama. Mama mmoja kwenye foleni akauliza kwa sauti kama mtoto amefanana na mimi.

Maureen hakucheka. Alinikalisha, akataka ukweli, nikautoa. Akasema maji mengi, mboga, matunda, maziwa mala, atembee kidogo uani. Kama anameza vidonge vya kuongeza damu, huenda ndivyo vinavyofunga choo, lakini asiviache bila kuuliza. Akasema tumbo na moyo vinapelekeana habari, kimoja kikikwama na kingine kinakwama. Halafu akainama karibu. Mzazi anayelia hivi zaidi ya wiki mbili, na halali hata mtoto akilala, apelekwe akaonwe. Sasa hivi, asingoje. Na nani yuko naye?

Nikasema mtandao wa kule ni mbaya. Akasema hakuuliza mtandao.

Nimejiandikia kwenye kiganja nisisahau: MAZIWA MALA.

Jumapili, 21 Septemba

Nimelowa. Nimekasirika.

Nilimwomba Onyiego anipeleke kwao Manga nikamwone mtoto. Uongo. Nilitaka kukiona chungu.

Tulifika jana jioni, nikalala kwa binamu yake. Leo asubuhi nilikaa uani nikipeleleza. Onyiego hana aibu! Alimbeba mtoto, akamwambia Joyline aende alale. Joyline akalala mchana kweupe, mlango wazi, kama gunia la mchele. Onyiego akafua nepi. Akazianika kwenye ua wa majani chai, barabara nzima inaona. Akachota maji. Akamenya ndizi na mtoto amelala begani. Joyline alipoamka akaletewa uji, akamtania mumewe kwa Kikisii, wote wakacheka. Mimi nilikuwa nawapita tu kwa macho. Nilikitafuta chungu.

Kilikuwa jikoni. Cheusi, mdomo mpana, kwenye kona karibu na mama yake Onyiego, mama Nyangate. Nikasogea mpaka mlangoni. Yeye Kiswahili chake ni cha salamu tu, na mimi Kikisii sina. Alinitazama kwa upole. Akasema maneno, nikasikia jina la Laila. Halafu akasema: enda.

Nikatabasamu. Akasema tena: enda? Mara ya tatu alisimama, mwiko mkononi, akaninyooshea: enda!

Nikaenda.

Mtu akifukuzwa jikoni haombi chai. Nilishuka ule mlima kwa miguu, mvua ikanikuta katikati, nikateleza mara mbili mbele ya watu wanaotoka kanisani. Wamejua nataka siri yao.

Jumatatu, 22 Septemba

Onyiego alicheka mpaka akakaa kwenye unga.

Kumbe kwao enda ni tumbo! Mama yake alikuwa anauliza tumbo la Laila likoje. Anasema mama hamwulizi mzazi kama ana huzuni, anauliza tumbo, maana chakula na huzuni vyote viko humo. Uji wangu ulikuwa umeshamiminwa. Mama alinifuata na mwavuli mpaka barabarani akiniita, na mimi nikazidi kukimbia.

Siku nzima Onyiego ananipita na gunia begani akisema, warya, enda. Wapakiaji wa duka la jirani wamelipata neno hilo pia. Hata wauza maembe.

Lakini mama Nyangate amenitumia chungu. Kilekile! Amekijaza chinsaga iliyochacha tayari, akafunga kifuniko kwa jani la mgomba na kamba, na mfuko wa unga wa wimbi juu yake. Onyiego alikibeba mwenyewe kutoka Manga. Akasema mama yake anauliza nani anambebea Laila mtoto akilala. Nikasema hakuna. Onyiego akaacha kucheka. Akasema mama akisikia hilo atashuka huku na mwiko.

Hawa watu wana mwiko kwa kila jambo.

Alhamisi, 25 Septemba

Mjomba aliniita ofisini. Moyo ukaruka: ufunguo!

Haikuwa ufunguo. Alisema kesho baada ya swala lori la ndizi linakwenda Isiolo. Kiti cha mbele pembeni ya dereva ni kitupu. Kutoka Isiolo kuna pikapu za Garba Tulla kila siku. Niende nimwone mtoto, nirudi na lori wiki ijayo. Kazi yangu ipo palepale. Alisema ameshapiga simu nyumbani.

Nikashukuru. Nikatoka. Nikafikiri nyuma ya magunia.

Kwanza, ufunguo unatolewa Jumatatu. Niondoke Ijumaa, Onyiego abaki peke yake mbele ya macho ya mjomba? Pili, nikifika nitafanya nini? Nitakaa pembeni ya Laila akilia, nitamtazama. Kumtazama hakufungui tumbo. Tatu, kiti kitupu. Na mimi nina chungu.

Usiku ni mzuri. Nalala.

Ijumaa, 26 Septemba

Kimeondoka! Nimekiweka kwenye kiti cha mbele, nimekifunga mkanda. Unga wa wimbi miguuni pake. Jasper dereva alikitazama chungu, akanitazama mimi, akauliza ni nani kati yetu anayesafiri. Nikamwambia apite matuta polepole.

Mjomba alikuwa bado msikitini. Atakuta nimebaki, nimebeba mara mbili. Atajua mimi ni mtu wa namna gani.

Laila sikumwambia. Naye apate furaha ya ghafla.

Jumatatu, 29 Septemba

Siku mbaya.

Jasper alipiga asubuhi akiwa na sauti ya mtu aliyelala vibaya. Jua la njiani liliichachusha chinsaga zaidi. Karibu na Timau kifuniko kiliruka kikagonga kioo. Jasper alidhani tairi limepasuka, akakanyaga breki, ndizi zote zikaja mbele. Anasema bado anatoa chinsaga masikioni. Chungu kimepata ufa. Hata hivyo alikipandisha pikapu ya Garba Tulla pamoja na unga, akamwambia dereva akiweke mbele.

Saa nne mjomba akatuita. Ufunguo akampa Onyiego.

Onyiego! Mtu anayekwenda kwao kila wiki! Nikamwuliza mjomba kwa heshima kama hajaona nani hajawahi kwenda kwao. Akasema ameona. Akasema Onyiego akimwambia atarudi Jumatatu asubuhi, Jumatatu asubuhi yupo. Akauliza mimi mke wangu nimemwambia tarehe ngapi mpaka sasa. Kisha akauliza, taratibu, kama ni kweli nimekifunga chungu mkanda.

Nikatoka nje. Kulikuwa na sukari ya kushusha.

Alhamisi, 2 Oktoba

Laila amepiga. Sauti yake ilikuwa tambarare, kama anasoma tangazo.

Simu ya mjomba iliwaambia niko njiani. Kwa hiyo alimwogesha Roda, akamvalisha ile nguo nyeupe, akajipaka hina. Akakaa nje tangu asubuhi. Pikapu iliposimama dereva akapiga kelele kwamba Salat amekaa mbele. Laila akakimbia na mtoto mkononi. Akafungua mlango mwenyewe.

Sijui kwa nini dereva alisema vile. Watu hawajui kueleza.

Laila alikaa chini pale pale barabarani pembeni ya chungu, akalia mpaka jirani akatoka. Jirani hakuuliza kitu. Alimchukua mtoto, akamshika Laila mkono, wakaenda zahanati. Huko walimkalisha muda mrefu. Walimpa dawa ya kulainisha choo, wakambadilishia vidonge vya damu, wakamwambia anywe maji na maziwa, na kila wiki arudi azungumze na nesi. Walimwambia haya yanawapata wengi na yanatibika. Sasa jirani anambeba Roda kila alasiri, na Laila analala. Juzi alilala mpaka magharibi. Uji wa wimbi anaupenda. Tumbo limefunguka.

Akasema ni hayo tu.

Nikasema alhamdulillahi. Nikasema unaona, chungu kimefanya kazi.

Laini ikakatika. Mtandao wa kule ni mbaya.

Jumapili, 5 Oktoba

Duka limefungwa. Onyiego yuko Manga na ufunguo wake shingoni. Mimi nimelala chali kwenye magunia, ndipo mahali pekee mgongo unapokubali.

Nilimpigia Laila ili nimchangamshe. Nikamsimulia habari ya mama Nyangate, ambayo nilikuwa nimeificha kwa aibu. Nikamwambia nilivyosimama mlangoni, mama akiuliza habari za tumbo lake yeye Laila, enda, enda, na mimi nikidhani ninafukuzwa. Nilivyoteremka mlima. Nilivyoteleza.

Akacheka! Laila amecheka. Sijasikia kicheko hicho tangu Idi. Roda akashtuka akaanza kulia, na Laila bado anacheka, akawa anambembeleza huku anacheka. Nikasikia joto kifuani. Nilifunga macho.

Halafu kicheko kikaisha. Nikasikia kuku, na mtoto akinyonya. Akasema polepole:

“Baba Roda, mara ya kwanza ulisikia vizuri.”

Nikamwambia hapana, hajaelewa mzaha. Nikarudia: kwa Kiswahili enda ni nenda, kwa Kikisii ni tumbo. Mama hakuwa ananiambia niende. Akasema anajua. Akasema ameelewa. Akasema nibaki salama, mtoto amelala, na yeye anakwenda kulala.

Maskini. Bado amechoka. Mtu aliyejifungua anachelewa kuelewa mzaha, nitamweleza vizuri tukionana.

Nimefikiri mchana wote, na sasa naona kosa lilikuwa wapi. Kifuniko! Jani la mgomba halishiki. Safari ijayo natumia sufuria ya bati yenye kifuniko cha kubana, na mpira wa baiskeli juu yake. Lori la ndizi linaondoka tena Ijumaa. Mjomba ameniambia kiti cha mbele ni changu, hata bila kuomba, wiki yoyote. Nitakitumia vizuri. Kesho nitamwomba Onyiego amwambie mama yake anipikie nyingine.

Na nimesikia mjomba anafikiria stoo ya tatu. Hapo hakuna wa kunipita nisipoondoka.

Nyumbani nitakwenda Desemba, watu wa huku wakishanunua vitu vyao vya Krismasi. Au Ramadhani ikikaribia, barabara ikiwa kavu. Idi, kwa hakika. Idi nitakuwa nyumbani.